Wakili Mkawasi Kando ya Kitanda

Kasyoki alianza kusoma habari za Wakili Mkawasi kwa sababu ya miguu. Alikuwa amemwosha mumewe, amembadilishia shuka, amemgeuza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, amemlisha uji wa wimbi kwa kijiko, nusu ukaingia na nusu ukatiririka kidevuni. Alipokaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda ili apumue kidogo, miguu ikakataa kuinuka. Haikuwa inauma. Ilikataa tu. Nje nguo zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni, mitungi ya maji ilikuwa mitupu, na yeye akabaki pale anatazama ukuta kama mtu aliyeambiwa asubiri. Ndipo akaona kitabu kwenye dirisha.

Kililetwa na Yvonne, binti yao wa pekee, alipokuja Zombe kuwaona wakati wa Pasaka. Yvonne alikuwa mhudumu katika hoteli moja pale Salama, mahali mabasi na malori ya barabara ya Mombasa husimama ili watu wale. Abiria husahau vitu mezani: miwani, sweta, chaja za simu. Mmoja alisahau kitabu na hakurudi kukidai. Jaladani palikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa joho jeusi la mahakamani, na miguuni raba nyeupe zilizochafuka matope.

"Utapata cha kukuliwaza, mama," Yvonne alisema.

Kasyoki alicheka kwa pua. Muda wa kusoma angeutoa wapi?

Tangu Nzomo apigwe na kiharusi mwaka uliotangulia, siku zake zilikuwa zimekatwakatwa vipande vidogo, na kila kipande kilikuwa cha Nzomo. Asubuhi moja mzee alikuwa ameinama uani anafunga kamba za viatu, akaanguka ubavu, akashindwa kuinuka. Upande wa kulia ukalala. Maneno yakaenda yote isipokuwa moja, *aiee*, ambalo kwa Kikamba ni hapana. Akitaka maji alisema aiee. Akishiba alisema aiee. Akiona mgeni anaingia alisema aiee, mgeni akasimama mlangoni hajui kama amefukuzwa.

Watu walikuja, wakaomba, wakamwambia Kasyoki kuwa yeye ni mama jasiri, kisha wakaenda makwao kulala. Neno hilo la ujasiri lilikuwa limemchosha kuliko kazi yenyewe. Lakini kitu alichokosa zaidi hakumwambia mtu, maana kingechekesha. Alikosa ubishi. Miaka yote Nzomo alipokuwa dereva wa lori, alipokuja nyumbani walibishana. Walibishana juu ya kesi zilizotangazwa redioni, juu ya nani alaumiwe katika ugomvi wa jirani, juu ya kama majani ya chai yatangulie maziwa au maziwa yatangulie majani. Hawakugombana, walibishana, na chai ikapoa. Sasa alikuwa anasema peke yake, na mwenzake alikuwa na jibu moja tu.

Basi akakivuta kitabu akaanza kusoma kimoyomoyo.

Wakili Mkawasi hakuwa wakili wa kukaa ofisini. Akiletewa kesi ya mtu anayedai hakuua, alivaa raba akaenda mwenyewe mahali maiti ilipopatikana, akaongea na wauza mahindi na mafundi wa baiskeli, akachungulia hata kwenye mapipa ya taka, kisha akaingia mahakamani akiwa na harufu ya moshi na kumuuliza shahidi swali moja ambalo shahidi hakulitarajia. Kufikia sura ya pili Kasyoki alikuwa amesahau miguu. Kufikia mwisho wake, pale wakili anapofungua buti ya gari lake mwenyewe na kukuta viatu vya marehemu, alipiga ukelele.

"Ala!"

Nzomo akafungua macho. "Aiee?"

"Viatu!" Kasyoki akasema. "Wamemwekea viatu vya marehemu kwenye gari lake! Ngoja, hujui. Ngoja nikuambie tangu mwanzo."

Akamsimulia. Alipomaliza, mzee akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akagonga jalada la kitabu kwa kidole. Kasyoki akamwangalia, akasafisha koo, akasoma sura ya tatu kwa sauti. Nguo zililala kwenye beseni hadi jioni.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila alasiri, kazi za lazima zikiisha na zile zisizoisha zikiachwa, alivuta kiti akasoma. Kitabu cha kwanza kilipokwisha waligundua nyuma ya jalada kwamba kulikuwa na vingine. Yvonne akawatafuta wauza vitabu vikuukuu, akapata cha pili, akakituma kwa gari la vifurushi. Halafu cha tatu. Nzomo alikuwa msikilizaji mkali. Kasyoki akiruka mistari ya maelezo ya milima na mawingu ili aifikie damu haraka, mzee alijua, akapiga ubao wa kitanda. Akisoma kwa sauti ya kuchoka, alimkazia macho. Sura ikiishia pale mlango unapogongwa, Kasyoki alifunga kitabu makusudi, akasema, "Basi, mengine kesho," na Nzomo akatoa aiee ndefu yenye hasira hadi yeye mwenyewe akacheka, upande mmoja wa uso ukipanda na mwingine ukibaki chini.

Msikilizaji wa tatu alikuja bila kualikwa. Nadifa, mama yake Ridwan, alikuwa na duka la nguo na sukari upande wa pili wa barabara. Mumewe, Nuradin, alikuwa akinunua mbuzi sokoni na kuwasafirisha Nairobi. Alasiri moja Nadifa alimletea mgonjwa maziwa ya ngamia kwenye chupa, akamkuta Kasyoki katikati ya hukumu.

"Ni redio hiyo?" akauliza.

"Ni mimi. Kaa, Mama Ridwan, lakini usiongee."

Nadifa akakaa kwenye gunia la mahindi. Aliongea. Hakuweza kunyamaza. "Huyo daktari anadanganya, wallahi. Mtu mwenye ukweli hajibu haraka hivyo." Kesho yake alikuja tena, baada ya swala ya alasiri, amemwacha binti yake Filsan dukani. Kesho kutwa pia. Akawa anakuja na vitafunio, na nadharia za nani aliua alizokuwa amezipika usiku kucha.

"Mama Yvonne, wewe unaonaje?"

"Mimi naona ni shemeji."

"Shemeji hapana. Baba Yvonne, si umwambie? Shemeji hapana."

"Aiee," akasema Nzomo, na kila mwanamke akachukua kwamba yuko upande wake.

Zilikuwa saa nzuri, lakini zilikuwa saa chache tu. Kabla yake na baada yake kazi ilikuwa ileile. Mgongo wa Kasyoki ulianza kumkata kila alipomwinua mume. Usiku aliamka kumgeuza ili asipate vidonda, akirudi kulala usingizi ulikuwa umeshamkimbia. Ukame ukaongezeka, foleni ya maji kwenye kisima ikawa ndefu. Siku moja alisimama jikoni ameshika chumvi, akashindwa kukumbuka kama ameshaitia au bado, na badala ya kuonja akaketi chini akalia kidogo, bila sababu maalum, kisha akainuka akaonja. Alikuwa ameitia mara mbili.

Kavata alifika wakiwa wamefika nusu ya kitabu cha nne.

Kavata alikuwa dada mkubwa wa Nzomo, mjane, mwenye shamba la kahawa na maparachichi huko Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, na kiongozi wa akina mama kanisani. Hakupiga simu kwanza. Aliingia akiwa na kikapu cha ndizi, akasimama mlangoni, akasikia wifi yake anasoma kwa sauti ya juu jinsi Mzee Mwakio, tajiri wa mashamba ya mkonge, alivyoanguka juu ya keki ya sherehe yake mwenyewe, povu jeupe likimtoka mdomoni. Nadifa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nzomo hakuwa amenyolewa ndevu siku nyingi, na shati lake lilikuwa na doa la uji.

"Kasyoki," Kavata akasema polepole. "Mtu mgonjwa mnamsomea habari za maiti?"

Nadifa alisalimia kwa adabu, akakumbuka duka lake, akaondoka.

Kavata hakuwa mtu mbaya. Alivua kitambaa kizuri cha kichwa, akafunga leso kiunoni, akamnyoa ndugu yake, akafua zile nguo za kwenye beseni, akapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, laini kabisa wa kumfaa mgonjwa. Ni wakati wa kula ndipo aliposema alichojia.

"Wifi, nikikuangalia naona watu wawili wagonjwa hapa. Niachie Nzomo nimpeleke Kikima. Kule kuna baridi, maji yako mlangoni, kijana wangu Kyule ako na nguvu ya kumwinua. Na kanisa litakuja kuomba. Wewe upumzike."

Kasyoki alijua jibu analotakiwa kutoa. Mke anasema hapana, huyu ni mume wangu, nitamtunza mimi hadi mwisho. Alifungua mdomo alitoe, na kikatoka kitu kingine.

"Lini?"

Hata Kavata alishtuka kidogo. Alikuwa amejiandaa kubembeleza.

Kyule alikuja na gari la kuazima kesho yake. Kasyoki alipanga dawa, nepi, shuka ya mpira, beseni, akaeleza mara mbili namna ya kumlisha akiwa ameinuliwa kichwa asije akapaliwa. Alipomfunika blanketi kwenye kiti cha nyuma, Nzomo alimshika kiganja kwa mkono wa kushoto.

"Aiee," akasema.

"Nitakuja," Kasyoki akajibu. "Nikilala kidogo, nitakuja."

Gari likaondoka. Hakungoja vumbi litulie. Aliingia ndani, akafunga mlango, akalala na viatu.

Alilala mchana, akaamka, akala ndizi, akalala tena. Alilala usingizi mzito usio na ndoto, na alipoamka alijisikia vibaya zaidi, kana kwamba uchovu wote uliokuwa umejificha nyuma ya kazi ulikuwa umepata nafasi ya kujitokeza. Kitanda cha Nzomo kilikuwa kitupu. Mara kadhaa usiku aliamka kumgeuza mtu asiyekuwepo. Aliona haya, na aliona nafuu, na hakujua ipi ni kubwa, akaacha kuzipima.

Nadifa alivumilia kwa muda, kisha akaja na chai ya viungo.

"Nimekuja kukuona," akasema, na macho yake yakaenda moja kwa moja dirishani, kwenye kitabu.

"Hapana, Mama Ridwan."

"Sura moja tu! Huyo bawabu wa Mzee Mwakio watamnyonga na hakufanya kitu. Nashindwa hata kuhesabu vizuri dukani."

"Siwezi kusoma bila yeye. Ni kama kula chakula chake."

"Haya, basi nipe nisome mwenyewe."

"Ukisoma utanisimulia. Nakujua."

Nadifa akakubali kuwa kweli angesimulia. Wakanywa chai wakibishana kama keki ilikuwa na sumu tangu jikoni au iliwekewa mezani. Hapo ndipo simu ikalia. Alikuwa Kavata, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejifungia chumbani.

"Kasyoki, umeketi?"

"Amekufa?"

"Hapana, hapana. Ameongea."

"Ameongea!"

"Ameanza jana. Tulikuwa tunamwombea, akina mama wote wamezunguka kitanda, na pasta amemwekea mkono. Akafungua mdomo. Sote tukasema asante Bwana." Kavata akashusha sauti. "Wifi, ametaja mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Si wa kwetu. Si jina la mtu wa huku. Na hakuacha. Leo asubuhi amelitaja tena, mara kwa mara, na anapiga kitanda, na machozi karibu yamtoke. Akina mama wamesikia. Pasta amesikia. Mimi sikutaka kukuambia, lakini nikasema, ni heri ujue kutoka kwangu. Unajua vile maisha ya madereva..." Hapo mtandao ukakatika.

Kasyoki akaweka simu mezani. Nadifa alikuwa amesikia yote, maana Kavata aliongea kwa nguvu hata anaponong'ona.

Kwa kweli Kasyoki hakuwa amewahi kuuliza. Miaka ile Nzomo alipokuwa akikaa barabarani wiki kwa wiki, Mombasa hadi Malaba na kurudi, wake wa madereva wengine waliuliza, wakajibiwa, wakajuta. Yeye aliamua kwamba mume akirudi amechoka na ameleta ubishi wake nyumbani, hiyo inatosha. Sasa aliketi akajaribu kutafuta wivu ndani yake kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Alipata kidogo. Kilichokuwa kingi zaidi ni kuchoka. Aliwazia mwaka mzima wa mabeseni na vijiko, na neno la kwanza mtu huyu analolirudisha duniani ni jina la mwanamke wa barabarani.

"Basi aje," akasema kwa sauti.

"Nani?" Nadifa akauliza.

"Huyo mwanamke. Aje amgeuze usiku. Mimi sina neno. Nitampa hata shuka ya mpira."

Nadifa hakujua acheke au amshike mkono. Akamshika mkono. Wakakaa hivyo hadi simu ikalia tena.

"Mtandao wa huku, Kasyoki. Nilikuwa nasema..."

"Wifi, niambie jina."

"Tutaongea ukija."

"Jina, Kavata!"

Pumzi ndefu ikasikika. "Anaitwa Delfina."

Kicheko kikamtoka Kasyoki kabla hajakizuia. Alicheka hadi akainama juu ya meza. Alicheka hadi kikageuka kilio na kikarudi kuwa kicheko. Nadifa akanyakua simu akapaza sauti, "Delfina! Mpishi! Nilisema ni mpishi!"

"Mnamjua?" Kavata akauliza, amepigwa na butwaa. "Huko Zombe mnamjua?"

"Ni mpishi wa Mzee Mwakio," Kasyoki akasema alipopata pumzi. "Wa kwenye kitabu, wifi. Yule aliyepika keki. Nzomo anasema ndiye aliyeua."

Kavata akasema, kwa sauti ndogo isiyo yake, "Sasa pasta nitamwambia nini?"

Kesho yake Kasyoki alikuwa Kikima. Ilikuwa mvua ya vilimani, nyembamba isiyokoma, na baada ya joto la Zombe alisikia baridi kwenye magoti. Nzomo alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha, amenyolewa, safi kuliko alivyokuwa kwake. Hilo lilimchoma kidogo. Lakini alikuwa pia amekonda, na Kavata alikiri kwamba chakula alikuwa anakisukuma. Alipomwona mkewe hakutabasamu. Alimnyooshea kidole kama mtu aliyechelewa kazini.

"Del-fi-na," akasema. Kila kipande kilimtoa jasho.

"Unadanganya," Kasyoki akajibu. "Angetumiaje sumu na yeye mwenyewe ndiye alionja keki mbele ya watu?"

"Aiee! Delfina!"

"Onyesha ushahidi basi."

Akapiga ubao wa kitanda. Kasyoki akavua koti lenye maji, akavuta kiti, akafungua kitabu mahali walipoachia. Kavata alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Hakusema habari za maiti. Aliweka sinia, akasema ana maharagwe ya kuchambua, akaleta maharagwe akayachambulia humohumo chumbani.

Kasyoki alisoma alasiri yote. Wakili Mkawasi alikwenda jikoni kwa marehemu, akapanda juu ya kabati, akaporomoka nalo. Alifuatwa na gari lisilo na namba. Alimtembelea bawabu jela akamkuta amekata tamaa, anakataa hata kutetewa. Kila Delfina alipotajwa Nzomo aliinua kidole, na kila mara Kasyoki akasema, "Bado hujashinda." Maharagwe ya Kavata hayakuchambuka. Walipofika mahakamani, na wakili akiwa kwenye raba zake akamwita shahidi wa mwisho, hakuwa Delfina. Alikuwa Mghanga, mzee wa kanisa, yule aliyeongoza maombi ya mazishi kwa machozi. Sumu haikuwa kwenye keki hata kidogo. Ilikuwa kwenye kikombe alichompa marehemu amezee kipande cha keki, na sababu ilikuwa shamba.

Kavata aliacha kuchambua. Mvua tu ndiyo iliyoendelea.

"Mzee wa kanisa?" Kavata akasema. "Haiwezekani. Huyo mwandishi ni mtu wa namna gani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, wifi."

Kavata akafikiri, akiviringisha harage moja kwenye vidole. "Hata hivyo," akasema baadaye, "yale maombi yake yalikuwa na kelele nyingi. Nilianza kumtilia shaka hapo."

Nzomo hakukubali. Alikuwa amegeuza uso ukutani kama mtoto aliyenyimwa. Kasyoki akamwinamia. "Umeshindwa, Baba Yvonne. Kubali." Akatikisa kichwa. Akahangaika na mdomo, taya likienda upande, na Kasyoki hakumsaidia, alingoja tu.

"Ki... ko... mbe," Nzomo akasema mwishowe. "Delfina."

"Ati kikombe ni cha jikoni? Kwamba Delfina ndiye alikiosha, kwa hiyo alijua?"

Akapiga kitanda mara nyingi. Ndiyo, ndiyo, hiyo hasa.

"Lakini kuosha si kuua!"

"Aiee!"

"Aiee wewe mwenyewe!"

Chai ikapoa kwenye sinia. Kavata aliwatazama, huyu na yule, hakuelewa kwa nini wifi yake anagombezana na mgonjwa huku machozi yanamdondoka kwenye kola.

Lakini Nzomo hakuanza kuongea vizuri, kama Yvonne alivyotumaini alipopigiwa simu. Maneno machache yalirudi, yakaja kwa shida, mengine yakapotea tena. Mguu wa kulia ulibaki mzito. Kilichobadilika ni mpango. Jioni ile wanawake wawili walikaa jikoni karibu na moto, na Kasyoki akasema kitu ambacho hakuwa amekisema mbele ya mtu.

"Wifi, siwezi peke yangu. Si kwamba simpendi. Siwezi."

"Najua," Kavata akasema. "Mimi nimemtunza siku chache tu na mgongo umekwisha. Nilikuwa naona aibu kukuambia."

Wakakubaliana Nzomo akae Kikima muda fulani, Zombe muda fulani, na Kyule amsafirishe. Nadifa alipopashwa habari kwa simu hakuuliza hayo kwanza. Aliuliza nani aliua. Alipoambiwa alipiga yowe lililosikika hadi kwa Kavata, kisha akasema, kwa upole, kwamba Nzomo akiwa Zombe, alasiri za kuteka maji Filsan ataenda kisimani kwa ajili ya nyumba zote mbili.

Kitabu cha tano Yvonne alikileta mwenyewe siku ya mapumziko yake. Mvua ilikuwa bado haijaisha vilimani. Kasyoki alikuwa amefua, amemwosha mume pamoja na Kavata, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na alipochukua kitabu macho yakamwuma, herufi zikaogelea.

"Nipe mimi," Kavata akasema. Akavaa miwani, akasimama kama asimamavyo kanisani, akaanza kusoma kwa sauti ya kutangaza neno, akizungusha kila jina kana kwamba ni la nabii. Nzomo alitega sikio. Yvonne aliketi miguuni pa kitanda cha baba yake akimkanda wayo uliolala.

Kasyoki alijinyoosha kwenye mkeka kando ya ukuta, akajifunika leso. Kwa mara ya kwanza tangu habari hizi zianze, alikuwa yeye wa kusomewa. Alimsikia Wakili Mkawasi akipokea simu alfajiri. Alimsikia akitafuta raba zake chini ya kitanda. Alitaka kujua ni nani aliyekufa safari hii, akajiambia afungue macho, lakini sauti ya Kavata iliendelea kwenda mbele bila yeye, nzito na ya utulivu. Maiti ilipopatikana mtoni, Yvonne alishtuka na Nzomo akapiga ubao wa kitanda. Kasyoki alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, na hakuna aliyemwamsha.